Kengele, Ndoo na Zamu: Habari za Wazima Moto wa Kujitolea katika Milima ya Alpi

Wazee husema, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Mbiu ilikuwa pembe ya nyati, na mgambo ulikuwa tangazo lenyewe, lililopigiwa pembe hiyo ili watu wote wakusanyike. Siku hizi, katika Tanzania, neno mgambo latumika zaidi kwa watu kuliko kwa wito: ni raia waliofunzwa ulinzi, ambao huitwa panapo haja, kisha hurudi kwenye kazi zao. Hivyo neno limetoka katika sauti, likahamia kwa wale walioitika.

Safari ya neno hilo moja yatusaidia kufahamu historia ya wazima moto wa kujitolea katika vijiji vya milima ya Ulaya. Huko nako wito ulitangulia, na kikosi kikafuata. Kabla ya kuwako kofia ya chuma, bendera, wala gari jekundu, palikuwapo kengele ya kanisa, ndoo ya ngozi, na zamu ya usiku. Na mambo hayo matatu yalikuwa juu ya kila nyumba, si juu ya wachache waliochaguliwa. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kikosi cha kujitolea ni tawi tu. Mzizi wake ni agano la kale, kwamba moto wa nyumba moja ni shauri la nyumba zote. Mfano wetu utakuwa nchi ya Uswisi, na hasa bonde la Glarus. Nchi hiyo si ngeni kwa Wakristo wa Dar es Salaam, Mahenge na Ifakara, kwa kuwa Mapadre Wakapuchini wa Uswisi walianza kazi yao huko mwaka 1921.

I. Upepo wa Föhn

Bonde la Glarus ni jembamba, lenye mto Linth katikati, na milima mirefu kila upande. Mlima Tödi, ulio kichwani mwa bonde, wapata mita 3,600. Watu wa mabonde kama hayo wana adui wasiyeweza kumfungia mlango, nao ni upepo uitwao Föhn. Wataalamu wa lugha wasema kwamba jina hilo latokana na neno la Kilatini favonius, ambalo Warumi walilitumia kwa upepo mwanana wa magharibi, uletao majira ya kuchipua. Jina limevuka milima na kubaki, lakini upole wake umepotea njiani.

Upepo huo hutoka kusini. Unapopanda milima kwa upande wa Italia, hewa yake hupoa na kuacha maji yake huko kwa mvua na theluji. Ukisha kuvuka vilele hushuka upande wa kaskazini, na hewa ishukayo hupata joto kiasi cha digrii moja kwa kila mita 100. Basi hufika bondeni mkavu, wenye joto na wenye nguvu kama wa dhoruba. Huyeyusha theluji kwa muda mfupi. Wakati huohuo hukausha mbao za nyumba, vigae vya mbao juu ya mapaa, na majani makavu yaliyowekwa ghalani kwa ajili ya ng'ombe. Siku hiyo cheche moja iliyotoka katika kiko cha mzee au jiko la mama yaweza kuruka nyumba kumi na kuanguka juu ya ya kumi na moja.

Orodha ya miji iliyoteketea kwa njia hiyo ni ndefu. Altdorf, mji mkuu wa jimbo la Uri, uliungua mwaka 1799. Meiringen, katika bonde la Hasli, uliungua mwaka 1879. Watu wakajenga upya, na mwaka 1891 ukaungua tena. Lakini moto unaokumbukwa kuliko yote ni ule wa Glarus.

II. Usiku wa tarehe 10 Mei 1861

Jioni ya tarehe 10 Mei 1861 upepo wa Föhn ulikuwa ukivuma kwa nguvu bondeni. Moto ukazuka karibu na uwanja ambapo raia wa jimbo hukutanika kila mwaka, mwezi wa Mei, kupiga kura kwa kuinua mikono. Chanzo chake hakikujulikana kwa hakika. Kengele zikapigwa, watu wakatoka na ndoo na mabomba ya mkono, na majirani wa vijiji vingine wakaja kusaidia. Walakini upepo ulizichukua cheche juu ya vichwa vya wazima moto, ukaziangusha nyuma yao. Nyumba zilikuwa zimekaribiana, mapaa yalikuwa ya mbao, na njia zilikuwa nyembamba. Waliposimama kuulinda mtaa mmoja, mtaa wa pili ulikuwa umekwisha kushika moto.

Kulipopambazuka, thuluthi mbili za mji zilikuwa majivu. Majengo karibu 600 yaliteketea, na watu zaidi ya 2,000 walikosa mahali pa kulala. Kanisa la kale nalo liliungua, lile ambalo Ulrich Zwingli, kabla hajawa mtengenezaji wa dini huko Zürich, alilitumikia akiwa padre tangu 1506 hata 1516.

Yaliyofuata yatufundisha kuliko moto wenyewe. Michango ililetwa kutoka majimbo yote ya Uswisi na kutoka nchi nyingine. Wasanifu wawili, Bernhard Simon na Johann Caspar Wolff, walichora mji mpya wenye njia pana zilizonyoka, ili moto wa mtaa mmoja usipate daraja la kuvukia. Kanisa jipya lilikamilika mwaka 1866, nalo Wakatoliki na Waprotestanti walilitumia kwa pamoja, kama walivyolitumia lile la kale, mpaka mwaka 1964 Wakatoliki walipopata kanisa lao. Watu waliotengana kwa imani hawakutengana katika kujenga ukuta na kupaua paa.

Tena ilionekana kwamba fedha za bima ya moto hazikutosha hasara iliyo kubwa namna ile. Kwa hiyo mwaka 1863 ikaanzishwa huko Zürich kampuni ya kuzikatia bima kampuni za bima zenyewe, inayojulikana hata leo kwa jina la Swiss Re. Ni mawazo yaleyale ya ndoo zinazopitishwa mkono kwa mkono, ila safari hii mstari wa watu umevuka mipaka ya bonde: hasara isiyobebeka na mji mmoja hugawanywa juu ya mabega mengi.

III. Zamu ya upepo

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kengele, ndoo na mabomba yalikuwapo, mbona mji uliungua? Jibu lilijulikana kwa watu wa milimani tangu kale. Föhn ikisha kushika moto, mara nyingi kazi ya mzimaji imekwisha kuchelewa. Kazi yenyewe hufanywa kabla ya moto. Ndiyo maana mabonde hayo yalikuwa na desturi iitwayo kwa Kijerumani Föhnwacht, yaani ulinzi wa Föhn.

Upepo ulipoanza, watu waliowekwa zamu walizunguka kijijini usiku na mchana. Walipita nyumba hata nyumba na kuangalia kwamba moto wa jikoni umezimwa au umefunikwa. Kuvuta tumbako nje ya nyumba kulikatazwa. Katika vijiji vingine hata kuoka mikate na kuchemsha maji ya kufulia nguo kulikatazwa mpaka upepo utulie. Mlinzi alikuwa na haki ya kuingia jikoni kwa mtu, awe tajiri au maskini, na mwenye nyumba hakuwa na ruhusa ya kumfukuza. Aliyevunja amri alitozwa faini.

Tufikiri maana ya jambo hili. Jiko ni mahali pa ndani kabisa pa nyumba. Katika mataifa mengi, na kwetu pia, mgeni haingii jikoni bila kukaribishwa. Watu wa Alpi ni watu wapendao uhuru na mipaka ya mashamba yao; hata hivyo walikubali jirani aingie na kuchungulia majivu yao. Walijua kwamba siku ya Föhn hakuna moto wa mtu binafsi. Desturi hiyo haijafa. Katika mabonde kadhaa walinzi wa Föhn wapo hata leo, na kuwasha moto wa wazi upepo huo uvumapo ni marufuku.

Pamoja na zamu, kila nyumba ilidaiwa chombo. Katika miji mingi ya Uswisi na Ujerumani mtu aliyepokewa kuwa raia alitakiwa kuleta ndoo ya ngozi ya kuzimia moto. Hapo ndoo ilikuwa kama cheti cha uraia: mwenye ndoo ni mwenzetu. Na kengele ya kanisa ilikuwa na mlio wake wa hatari, usiofanana na mlio wa kuita watu kwenye ibada. Aliyeisikia hakungoja kuambiwa.

IV. Hiari na sharti

Sasa tuje kwenye neno kujitolea. Mzizi wake ni -toa. Ukiongezwa -tolea, yaani kutoa kwa ajili ya fulani. Kisha -jitolea, ambapo kitu kitolewacho ni mtu mwenyewe. Kiswahili kimeliweka jambo hili karibu na sadaka. Kijerumani husema freiwillig, maana yake "kwa nia iliyo huru." Kiswahili chaangalia kile kinachotolewa, Kijerumani chaangalia nia ya mtoaji. Historia ya wazima moto yaonyesha kwamba yote mawili yahitajiwa.

Vikosi vya hiari vyenye mpango na mazoezi vilitokea katika nchi za Kijerumani katikati ya karne ya 19. Kikosi kimojawapo cha kwanza kilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Durlach, karibu na Karlsruhe, kwa juhudi za Christian Hengst, mjenzi wa mji, pamoja na Carl Metz, mtengenezaji wa mabomba ya kuzimia moto. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Februari 1847, ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Karlsruhe uliungua, na watu zaidi ya 60 wakafa. Watu wa Durlach walifika wakiwa wamezoezwa, kila mmoja akijua mahali pake, nao walisaidia kuuzuia moto usienee. Habari hiyo ikasambaa, na miji mingine ikaiga.

Kutoka nchi tambarare mpango huo ukapanda milimani. Huko Innsbruck, mji mkuu wa Tirol, Franz Thurner aliunda kikosi mwaka 1857 kutokana na chama cha mazoezi ya viungo. Vijana waliozoea kupanda kamba hawakuogopa kupanda ngazi. Baada ya hapo vijiji vya Austria, kimoja baada ya kingine, vikapata vikosi vyao. Hata leo katika nchi hiyo ni miji sita tu yenye wazima moto wa mshahara kama kikosi cha mji: Wien, Graz, Linz, Salzburg, Innsbruck na Klagenfurt. Kwingineko kote kazi hiyo hufanywa na mkulima, seremala, mwalimu na mwenye duka. Katika milima hakuna njia nyingine, kwa sababu msaada utokao mjini hauwezi kupanda barabara za mzunguko, zenye theluji, na kufika kabla nyumba haijaanguka.

Uswisi ilishika njia iliyo tofauti kidogo. Katika majimbo yake mengi sheria yasema kwamba kila mkazi wa umri fulani ana wajibu wa kutumika katika zima moto, na asiyetumika hulipa kodi ya badala. Zamani wajibu huo ulikuwa juu ya wanaume. Siku hizi majimbo mengi huwahesabu wanawake sawasawa na wanaume. Hata hivyo walio wengi mno katika vikosi vya vijijini huingia kwa moyo wao, nao hawali mshahara wa kazi hiyo.

Je, sharti haliiui hiari? Waswahili husema, "Hiari yashinda utumwa," na neno hilo ni la kweli. Lakini tazama yaliyotukia upande wa Ujerumani. Jimbo la Baden-Württemberg lilikuwa na sheria ya namna hiyo juu ya wanaume peke yao. Mwanamume mmoja alishtaki kwamba yeye hutozwa kodi ya badala, na mwanamke hatozwi. Shauri likafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, ambayo tarehe 18 Julai 1994 iliamua kwamba huo ni ubaguzi. Katika hukumu yake mahakama ilitaja jambo lenye maana kubwa: kwa kuwa watu wa kujitolea walitosha, hapakuwa na mwanamume aliyelazimishwa kweli kuzima moto, wajibu uliobaki ni kulipa tu. Hapo twaona hatari ya sharti lililotengwa na hiari. Wachache hubeba ngazi, na wengine hununua ruhusa ya kulala.

Kinyume chake nacho ni hatari. Hiari isiyo na sharti huwategemea wema wachache mpaka wachoke. Zamu ya Föhn haikumwuliza mtu kama moyo wake umependa usiku huo. Ilikuwa zamu yake. Walakini sheria peke yake haingemfanya apande juu ya paa linaloungua. Kijiji kilimwekea sharti, kisha kikamheshimu alipolitimiza, hata sharti likageuka kuwa fahari.

V. Watakatifu wawili na sala moja mbaya

Kanisa nalo liliipa kazi hii walinzi wake. Katika Austria na Bavaria wazima moto humheshimu Mtakatifu Florian, askari wa Kirumi aliyeuawa kwa kutoswa katika mto Enns mwaka 304 kwa sababu ya imani yake. Sikukuu yake ni tarehe 4 Mei. Katika sehemu za Kikatoliki za Uswisi humheshimu Mtakatifu Agatha wa Catania, ambaye utaji wake, kwa mapokeo, uliuzuia moto wa mlima Etna usiumeze mji. Siku yake, tarehe 5 Februari, vikosi vingi huhudhuria Misa, kisha hula pamoja na kuwakumbuka waliofariki.

Lakini watu wa huko, kwa mzaha, hutaja pia sala ambayo haikutungwa na kasisi: mtu humwomba Florian aihurumie nyumba yake yeye, na kama ni lazima, aichome ya mwingine. Kwa Kijerumani tabia ya kutaka manufaa yawe yangu na taabu iwe ya jirani huitwa hata leo "kanuni ya Mtakatifu Florian." Mzaha huo una ukali wake. Watu waliotunga desturi ya zamu ndio hao hao waliojua jinsi moyo wa mtu unavyokwepa. Kama wasingejua, wasingehitaji zamu.

Siku hizi mtihani ni mwingine. Vijana wengi wa milimani hufanya kazi katika miji ya bondeni; mchana kijiji hubaki na wazee na watoto. Kwa hiyo vikosi vya vijiji jirani vimekuwa vikiunganishwa. Chombo kimekuwa bora, lakini mkono ulio karibu umepungua.

VI. Mlima wetu

Msomaji aliye katika Kilimanjaro hatayaona mambo haya kuwa ya mbali. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka juu ya msitu wa mlima huo, ukaendelea kwa siku nyingi. Mwezi wa Oktoba 2022 ukazuka mwingine upande wa kusini, karibu na kambi ya Karanga. Mara zote mbili mamia ya watu walipanda kuupiga: wanavijiji, waongoza wageni, wapagazi, na wanafunzi, pamoja na askari wa hifadhi. Mahali pale hakuna gari la zima moto liwezalo kufika. Silaha ni panga, jembe na matawi mabichi, na wengine hupandisha chakula na maji kwa vichwa.

Kilicho hatarini huko ni zaidi ya vichaka. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyechunguza misitu ya mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mioto, ikisaidiwa na ukavu wa hali ya hewa, imeushusha mpaka wa juu wa msitu tangu mwaka 1976. Msitu huo hunasa maji ya ukungu. Ukiungua, maji yapoteayo ni mengi kuliko yale yapoteayo kwa kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Basi moto wa juu ni shauri la mgomba ulio chini.

Wachaga walilijua agano la maji kabla ya kulijua jina la zima moto. Mfongo, yaani mfereji uletao maji kutoka mitoni, ulikuwa na watu wake; siku ya kuusafisha kila mwenye kutumia maji alitoka, na asiyetoka alitozwa faini au alinyimwa maji. Hapo twaona sharti na hiari zikikaa nyumba moja, kama katika bonde la Glarus. Mlima una msaragambo wake tayari. Kinachohitajiwa ni kuuita kabla ya moshi, katika miezi ya ukavu, kwa zamu zenye majina ya watu na siku zao, badala ya kungoja mamia wapande mwezi wa Oktoba kuupiga moto uliokwisha kukua.

Walimu na mapadre wa milimani, huko na katika Upare, Usambara, Uluguru na Upangwa, wanaweza kufanya jambo moja lisilogharimu fedha. Wawaulize wazee: moto ulipotokea, wito wake ulikuwa upi? Ilikuwa pembe, ngoma, ukunga, au jina fulani lililotajwa? Nani alikuwa na haki ya kuuanza? Asiyeitika alifanywaje? Majibu yaandikwe kwa lugha ya mahali penyewe, pamoja na maana yake. Kisha waamue pamoja na wazee wa kijiji, na wawafundishe watoto mpaka wote wajue, ni mlio gani wa kengele ya shule au ya kanisa utakaokuwa na maana moja tu.